Mgao wa Vitabu Ulivyoviacha Bila Kusoma

Wairimu, mke wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni kwa sababu viti walichukua. Walichukua kitanda, meza, meko, sufuria, karai lako, mwavuli wako wa steji, blanketi, hata pazia. Kaka yako Kariuki alisimama mlangoni akionyesha kwa kidole, na vijana wa pikapu wakabeba. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta kama mtu aliyekuja kuangalia chumba cha kupanga. Walipofika kwenye zile katoni chini ya dirisha, kijana mmoja akauliza, "Na hizi?" Kariuki akafungua moja, akaona vitabu vilivyochakaa, akasema, "Hizo ni karatasi za kufungia njugu. Achana nazo."

Hicho ndicho kilichobaki cha kwako ambacho naweza kukigusa.

Unajua mimi si mtu wa kuandika. Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo kalamu nimeshika ya kuandika idadi ya mifuko ya simiti tu. Barua hii naiandika kidogo kidogo, nikitoka mjengo ninakofanya kazi, na nimeiacha wazi kwa sababu sina anwani ya kukutumia. Tena siku ya mazishi yako sikupewa nafasi ya kusema neno. Anayetaka kusoma na asome.

Watu wakikuuliza tulivyokutana, ulikuwa ukiwaambia, "Huyu alifuata karatasi. Mimi alinikuta nimeishikilia." Watu walicheka wakidhani ni mzaha, na ilikuwa kweli.

Ulikuwa ukikaa na karai lako pale Spine Road, Nairobi, karibu na steji ya matatu. Mifuko ya plastiki ilikuwa imekatazwa na wauza njugu wote walikuwa wakitafuta karatasi. Wenzako walinunua daftari kuukuu za wanafunzi. Wewe ulinunua vitabu vya hadithi kwa kilo kutoka kwa yule mzee wa vyuma na karatasi kule mtaa wa Soweto, kwa sababu ukurasa wake unatosha pembe moja ya njugu bila kukatwa. Kwanza uling'oa jalada, maana ni gumu na halikunjiki. Kisha ukurasa wenye jina. Kisha ukaendelea hivyo, ukurasa kwa ukurasa, ukikunja pembe na kuzichomeka moja ndani ya nyingine mpaka ziwe kama mkia mrefu.

Siku hiyo nilinunua njugu nikitoka kazini, nikazimaliza kabla sijavuka barabara, nikaanza kusoma karatasi. Kiingereza changu ni cha kuombea kazi tu, lakini nilielewa kwamba mwenye kiwanda cha sabuni amekutwa amekufa ndani ya pipa la sabuni yake mwenyewe. Nikageuza upande wa pili. Mpelelezi ameinama, ameokota kitu sakafuni, na hapo karatasi ikaisha. Nikarudi kwako.

"Nipe ingine."

"Kumbe zimekuwa tamu," ulisema.

"Si mbaya. Nataka kujua ameokota nini."

Ulinitazama kuanzia kofia mpaka gambuti. "Kwa hivyo wewe unataka ile iliyofuata. Hiyo nimeuzia yule mlinzi sasa hivi." Ukaelekeza kidevu kwa mtu aliyekuwa akienda zake akitafuna.

Nilimkimbilia, Wairimu. Mtu mzima mwenye vumbi la mawe hadi kwenye kope, nikimfuata mlinzi nikimwomba takataka yake. Alidhani nataka kumwibia. Karatasi alikuwa ameshaitupa mtaroni, na niliitoa kwa kijiti. Niliirudisha kwako ikiwa imelowa, tukaikunjua pamoja juu ya goti lako. Alikuwa ameokota kifungo.

Kuanzia hapo ulinitengea kurasa zangu chini ya kitambaa. Kila jioni njugu moja, ukurasa mmoja, pande mbili. Palipokuwa na neno gumu ulinieleza, maana wewe ulifika kidato cha pili. Uliniita fundi ingawa ulijua mimi ni mtu wa mkono tu, nachanganya simiti na kupandisha mawe kwa wale wanaoitwa mafundi kwa haki. Tulipofika pale ambapo karani wa kiwanda anakamatwa na kuachiliwa, tulikuwa tunaishi pamoja. Sijui nani alihamia kwa nani, kwa maana chumba kilikuwa chako na godoro lilikuwa langu.

Kitabu kilikuwa karibu kuisha. Ulikuwa umeshazikunja kurasa za mwisho asubuhi, ukazijaza njugu, ukaziweka kando zisiuzwe, ili jioni hiyo tuzisome zote kwa pamoja. Kanjo, askari wa jiji, wakaja. Wauza mboga waliokuwepo ndio walionisimulia ulivyong'ang'ania karai, ukiwaambia, "Njugu chukueni. Niachieni karatasi." Askari mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu mama jua limemwingia." Ulifika nyumbani bila karai na bila kiatu kimoja, goti likitoka damu, na jambo la kwanza uliloniambia lilikuwa, "Simiyu, wameenda na muuaji."

Tulicheka usiku huo mpaka jirani akagonga ukuta.

Asubuhi ndipo tulipoliona kosa letu. Uliniambia utanunua kitabu kingine kama kile, na mimi nikakuuliza kinaitwaje. Ulifungua mdomo ukaufunga. Jalada lilikuwa limewasha meko wiki nyingi zilizopita. Ukurasa wenye jina ulikuwa umefungia njugu za mtu tusiyemjua. Tulikuwa tumesoma karibu kitabu kizima, tunajua mpelelezi anaitwa Haddow na ana goti bovu, tunajua rangi ya gari la marehemu, na hatukujua jina la kitabu wala la aliyekiandika. Nadhani hakuna wasomaji wengine chini ya jua waliowahi kupotelewa hivyo.

Basi ukaanza kutafuta. Kila ulipokwenda kwa mzee wa karatasi ulichambua rundo lake ukitoa vile vyenye bastola kwenye jalada, au kivuli cha mtu mwenye kofia, au mwanamke anayekimbia kwenye ukungu. Mzee alikununia akasema, "Mama, hapa tunapima, hatuchagui." Ulichagua hivyo hivyo. Nyumbani ulifungua kimoja kimoja, ukapitisha kidole kwenye kurasa za mwanzo ukitafuta jina la Haddow. Hayumo. Nilitegemea ung'oe jalada na kukunja pembe, lakini ulikifunga taratibu ukakiweka kwenye katoni.

"Si hakina mtu wetu," nilikuambia. "Fungia njugu."

"Na hiki kina maiti wake pia," ulisema. "Kinangoja. Tukimaliza kile, tutakisoma."

Ndivyo vilivyoongezeka. Vyote vilipanga foleni nyuma ya kitabu kisichokuwa na mwisho. Katoni ya kwanza ikajaa, ukaomba nyingine dukani. Vya mapenzi ulirarua, vya dini ulimpa mama wa kanisa, vya shule ulirarua. Vya wauaji hukugusa. Na hakuna hata kimoja tulichosoma, maana kila mara ulisema tusiruke foleni, na jioni nyingi mimi nilikuwa nalala na kijiko mkononi.

Ugomvi wetu wa nyumba ulikuwa ni mmoja tu, nani aliyemuua yule wa sabuni. Ulikuwa ukikaanga njugu, umenipa mgongo, moshi umejaa chumba, halafu bila kugeuka unasema, "Dereva wa marehemu ndiye aliyekuwa na funguo za kiwanda."

"Bibi yake mdogo," najibu. "Dereva atafaidika nini?"

"Chuki haitafuti faida."

"Wewe unamtetea yule bibi kwa sababu ni mwanamke."

"Na wewe unamtetea dereva kwa sababu hajalipwa mshahara wake, kama wewe."

Ulinijua vizuri, Wairimu.

Halafu ukaanza kukohoa. Ulisema ni moshi, na mimi nilisema ni moshi, na wa dukani aliyetuuzia dawa akasema ni moshi. Ulipofika hospitali walikuwekea hewa puani na wakanitoa nje. Daktari kijana alikuja kwenye benchi akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikamwambia mume. Akaandika. Huyo ndiye mtu wa mwisho aliyeandika hivyo.

Nataka nikueleze mazishi yako kwa sababu hukuyaona, na kwa sababu waliokuwepo wanaeleza vingine. Ulizikwa kwenu, juu ya ule mteremko wa chai uliokuwa ukiniambia kwamba ukianguka hapo unasimamia mtoni. Katika karatasi ya mazishi waliandika majina ya ndugu zako na wapwa zako, kisha wakaandika kwamba hukuolewa. Nilikaa na watu wa Nairobi. Mchungaji alitaja marafiki waliotoka mbali, na nikaona mkono wake umenyooka upande wangu. Wakati wa udongo nilisogea, na mzee mmoja akanishika kiwiko kwa upole akasema, "Familia kwanza, kijana." Nilingoja. Familia ilipomaliza, vijana wakachukua makoleo. Mimi kazi yangu ni koleo. Nimechimba misingi ya maghorofa ambayo sasa watu wanazaliana ndani yake. Siku hiyo hakuna aliyenipa koleo, na nilisimama nikaona wakijaza vibaya, upande mmoja juu, upande mmoja chini.

Hawakunionea bure kabisa. Hatukuwahi kwenda kwenu na wazee. Tulisema mwaka ujao, kazi ya mjengo ikasimama. Tukasema mwaka ujao tena. Wewe mwenyewe uliniambia, "Mimi sitoki, haraka ya nini?" Kwa hivyo mbele ya mama yako mimi ni mwanaume wa Nairobi ambaye binti yake alikaa naye. Mama alinitazama mara moja tu siku hiyo, kama mtu anayetazama gari lililomgonga mtoto wake, ingawa si mimi niliyekugonga.

Sasa chumba chenyewe kinakwisha. Kilikuwa kwa jina lako, na msimamizi wa ploti amepata mpangaji mwingine. Amenipa mpaka Jumatatu. Nitalala mjengo kule Tassia, kwenye stoo ya simiti, na huko mtu huenda na begi moja. Ndiyo maana nilianza kuvichambua vitabu vyako, nijue kipi nitabeba.

Nilifanya kama ulivyokuwa ukifanya. Nilifungua kila kimoja nikapitisha kidole nikimtafuta Haddow, nikidhani labda kuna mahali uliruka. Hukuruka. Katika kila kitabu kurasa chache za mwanzo zina madoa ya mafuta ya njugu na chumvi, mahali kidole chako kilipita, na baada ya hapo karatasi ni safi mpaka mwisho. Naweza kuona hasa ulipokata tamaa na kila kitabu. Kwenye kimoja chenye picha ya daraja ulienda mbali zaidi, madoa yanafika karibu nusu. Sijui ni nini kilikushika humo. Hukuniambia. Nilikaa na hicho muda mrefu kuliko vingine, nikaona wivu, wivu wa kijinga, kwamba kuna kurasa ulizopita peke yako.

Jumamosi Nyambura alipiga simu. Mdogo wako huyu alilala kwetu miezi mingi akitafuta kazi, kwenye lile godoro dogo nyuma ya pazia, na kila asubuhi alikuwa akiniambia, "Shemeji, amka, chai imekuwa ya kuoga." Siku hizi ananiita Simiyu.

"Simiyu, kesho nakuja kuchukua zile karatasi za dada."

"Kariuki alisema ziachwe."

"Amebadilisha. Mama amesema hataki kitu cha mtoto wake kibaki kwa mwanaume asiyemjua."

Nilimwambia aje. Halafu nikakaa hapa sakafuni nikiwaza, na nikawaza kwetu.

Kwetu Bungoma, mtu akizikwa, vitu vyake haviguswi mpaka siku ya kunyoa nywele. Siku hiyo watu hukaa uani, na nguo zake, jembe lake, kikombe chake, vyote hugawanywa hadharani. Baba alipokufa nilimwona mama akifanya kazi hiyo. Alisimama na koti la baba mikononi akawapa kwanza watu wa ukoo wa baba, kisha majirani, kisha yeye mwenyewe akachukua kilichobaki. Kitu cha marehemu hupokelewa kwa mikono miwili kutoka kwa yule aliyefiwa. Ukishapokea, umekubali kwamba huyo aliyekupa ndiye mwenye msiba. Hakuna anayeweza kusema kesho kwamba mama hakuwa mke wa baba.

Watu wa kwenu walibeba kila kitu kwa pikapu kabla sijasimama hivyo. Walisahau vitabu tu. Nikaona kwamba kama kuna mgao utakaofanyika juu ya msiba wako, ni huu, na kama mimi ni mume wako, ni mimi wa kuugawa, kesho, Nyambura akiwepo, kabla hajavibeba.

Jumapili nilifagia chumba. Nilitandika shuka langu sakafuni nikavipanga vitabu kwa mafungu, majalada juu, bastola zote zikitazama dari. Niliita watu waliokujua. Mama Halima wa viazi karai alikuja na wale wenzako wawili wa steji wanaouza njugu, na baba wa chumba cha mwisho aliyekuwa akigonga ukuta tukicheka. Walikaa kwenye ndoo walizokuja nazo. Mama Halima alipoona mafungu akasema, "Simiyu, hapa umefungua kituo cha polisi."

"Ni vya Wairimu. Nataka kuvigawa."

"Na mimi kwa macho haya nitasoma Kiingereza cha wauaji?"

"Si lazima usome. Yeye mwenyewe hakusoma."

Walicheka, na kicheko hicho kilinisaidia. Nyambura akaingia na mfuko mkubwa wa sandarusi. Alisimama mlangoni akiangalia ndoo, watu, shuka.

"Nini hii?"

"Keti, Nyambura. Tunagawa vitu vya dadako."

"Mimi nimetumwa kuchukua zote."

"Najua. Keti kwanza."

Hakuketi. Nilisimama, na kwa mara ya kwanza tangu ufe nilisema maneno hayo mbele ya watu. Nilisema mimi ni Simiyu, na kwamba aliyekufa, Wairimu, alikuwa mke wangu, na kwamba aliacha vitabu hivi bila kuvisoma, na kwamba watu wa kwao ndio wanaotangulia. Sikusema vizuri. Nilirudia neno moja mara nyingi. Kisha nikachukua kile chenye picha ya daraja, kwa sababu ndicho ulichokisoma zaidi na sikutaka kuwapa watu wa kwenu kibaya, nikamnyooshea Nyambura kwa mikono miwili.

Aliangalia kitabu. Hakuangalia uso wangu.

"Weka hapo chini," alisema. "Nitaokota."

"Hakiokotwi."

"Simiyu, weka tu."

Mama Halima akasema, "Mwanangu, unaombwa mikono. Huombwi figo."

Hakuna aliyecheka mara hii. Nyambura alikunja mfuko wake, akaukunjua. "Nikipokea kwa mkono wake," alimwambia Mama Halima, si mimi, "Kariuki ataniuliza nilipokea kutoka kwa nani."

"Mwambie kutoka kwa shemeji yako," nikasema.

Hapo ndipo aliponitazama. Ana macho yako, Wairimu, na hilo nilikuwa nimelisahau. "Mimi nalala kwa Kariuki," alisema. "Kule Huruma, kwa sebule yake, kwa kochi lake. Sina kazi bado. Nikienda kumwambia hivyo, kesho nitalala wapi?"

Ningemwambia alale kwangu, na mimi kesho yake nalala kwenye stoo ya simiti. Mikono yangu ilikuwa bado mbele. Unajua bega langu la kulia, lile lililoangukiwa na ubao, halivumilii kunyooshwa hivyo. Lilianza kuwaka. Kila mtu mle ndani alikuwa akiangalia kitabu, kile kitabu kibovu chenye daraja, mikononi mwangu, na nilijua kwamba nikikiweka chini atakiokota, atabeba na vingine vyote, atakwenda zake bila ubaya, na jambo litakuwa limeisha. Kitabu kitafika kwa mama yako. Na mimi nitakuwa yule mwanaume aliyeviacha sakafuni.

Sikukiweka.

Nyambura alifuta pua kwa kiganja. Aliukunja mfuko wake mara nyingi mpaka ukawa mdogo kama kitambaa cha mkono, akautia ndani ya blauzi. "Nitamwambia nilikuta mlango umefungwa," alisema. "Nitamwambia umehama, sijui uliko." Akashuka ngazi. Nilimsikia akisimama ghorofa ya chini, kisha akaendelea.

Huo ndio msaada alioweza kutoa, na ulikuwa mkubwa kwa mtu asiye na pa kulala. Lakini nitakuwa mwongo nikikuambia kwamba uliniponya. Kwa kunipa vitabu ilimbidi aseme kwamba mimi sipo.

Nilirudisha mikono nikaipumzisha, kisha nikaendelea na waliobaki, kwa maana mgao ukianza hauachwi katikati. Mama Halima alisimama kutoka kwenye ndoo kwa taabu, akafuta viganja kwenye leso, akapokea kwa mikono miwili akasema, "Pole kwa kuondokewa na mke." Wenzako wa steji walipokea wakasema hivyo hivyo. Mmoja wao aliniuliza kama ataruhusiwa kufungia njugu. Nikamwambia kitu ukishapewa ni chako, lakini akitaka kurarua asianze na jalada. Baba wa chumba cha mwisho alichagua chenye picha ya treni, akauliza kama ni kweli hatukuwahi kujua aliyemuua yule wa sabuni. Nikamwambia ni dereva. Sikujua kwamba nitasema hivyo mpaka nilipokuwa nimesema.

Walipoondoka nilichukua changu mwisho, kama inavyotakiwa. Nilichukua chembamba kuliko vyote, chenye jalada la kijani, ambacho kina doa moja tu la kidole chako, ukurasa wa kwanza, karibu na neno la pili. Nimekianza. Naenda mstari kwa mstari, na maneno mengi siyajui, na sina wa kumuuliza. Mpaka sasa hakuna aliyekufa humo. Kuna mwanamke tu anayefunga duka lake na kuangalia barabarani.

Fungu la kwenu limebaki. Ni kile chenye daraja na vingine nilivyoona mama yako angependa picha zake, kimoja kina mbwa, kimoja kina nyumba kwenye mlima. Nimevifunga kwa waya wa nondo, na juu nimezungushia karatasi ya mfuko wa simiti visilowe. Kesho nitatoka hapa na begi na fungu hilo. Stoo kule ina rafu ya mbao karibu na paa ambapo mafundi huweka vipimo vyao, nimeshaomba nafasi. Mjengo huo ukiisha nitakwenda mwingine, na fungu litakwenda pamoja nami. Siku yoyote mtu wa kwenu akija, awe Nyambura amepata kazi na chumba chake, awe mama yako, awe Kariuki mwenyewe na pikapu yake, atanikuta nalo na sitamnyima.

Lakini sitaliweka chini. Atalipokea mikononi mwangu, ama litakaa.

Ulale sasa, Wairimu. Kaburi lako likitulia nitakuja na koleo langu, siku ambayo hakuna mtu, niusawazishe ule upande ulioshuka.

Mume wako,
Simiyu